Kwa nini kubadilisha osileta hakukuiponya saketi yako

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimejenga saketi ya kidijitali ndani ya FPGA (chipu ambayo mtumiaji hujipangia mantiki yake mwenyewe), ina vitalu viwili, A na B. Vyote vinatumia saa moja ya MHz 50, ila saa ya B inapitia kwanza kwenye geti la AND (hutoa moja pale tu ishara zote zinazoingia ni moja) ili niweze kuizima B inapokuwa haina kazi na kuokoa umeme. Kwenye uigaji kila kitu kiko sawa. Kwenye bodi, data inayotoka A kwenda B huruka hatua mara kwa mara, kana kwamba flipuflopu moja (kifaa kinachoshika biti moja na kuibadilisha saa inapopiga) haipo. Inayotoka B kurudi A haina shida. Nilidhani saa si sahihi, nikatoa osileta (kifaa kinachotoa mapigo ya saa) ya ±50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, nikaweka ya ±2.5 ppm yenye fidia ya joto. Hakuna kilichobadilika. Nikashusha saa hadi MHz 5, bado vilevile. Je, wanaobuni chipu hufanyaje ili saa ibaki sahihi ndani yake? Na mimi nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umeeleza dalili vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, na mbili kati ya hizo zinatosha kumaliza kesi: kosa liko kwenye safari ya upande mmoja tu, na kupunguza kasi hakukusaidia. Ningeweza kukuambia uondoe lile geti tu, tukaachana. Lakini utakuwa umepata dawa bila kuujua ugonjwa, na mwezi ujao utarudi nao umevaa nguo nyingine.

Kilichokupoteza ni neno “sahihi”. Kwa saa iliyo ndani ya chipu, neno hilo lina maana tatu zisizofanana. Ya kwanza ni frikwensi: ukihesabu mapigo ya siku nzima, yametimia? Ya pili ni kama kila ukingo wa saa, yaani pale inapopanda au kushuka, unafika kwa wakati wake ukilinganisha na uliotangulia, au mmoja unawahi kidogo na mwingine unachelewa. Huo ni mtikisiko, mafundi wengi huuita jita. Ya tatu ni kama ukingo uleule mmoja unazifikia flipuflopu zote kwa pamoja, au wa pembeni wanaupata baada ya wa katikati. Huo ni upishano, au skyu. Osileta uliyonunua inatibu la kwanza. Wewe unaumwa la tatu.

Tupige hesabu. Saa ya MHz 50 ina mzunguko wa nanosekunde 20. Kosa la sehemu 50 kwa milioni kwenye nanosekunde 20 ni pikosekunde 1. Kwa osileta mpya kosa hilo limeshuka hadi pikosekunde 0.05. Faida yako yote, basi, haifiki pikosekunde moja. Upande wa pili, geti la AND ndani ya FPGA hujengwa kwenye jedwali la mantiki, na ili saa ilifikie inabidi itoke kwenye barabara yake maalumu ipite kwenye waya za kawaida, kisha irudi. Safari hiyo hula nanosekunde nzima au zaidi, yaani mara elfu ya kile ulichokuwa unakipigania. Umetoa kibanzi, boriti imebaki.

Sisemi kwamba ppm ni upuuzi. Kwa chombo kinachotunza tarehe, ±50 ppm ni sekunde 4.3 kwa siku, na hilo mtumiaji ataliona. Ndiyo maana saa za mkononi hutumia fuwele ya kwatsi ya Hz 32,768: namba hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na tano, ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unapata pigo moja kila sekunde. Fuwele hizo zina tabia moja ya kuchekesha. Karibu na nyuzi 25 za Selsiasi ziko kwenye kilele cha kasi yake, na ukizitoa hapo, iwe kwa joto au kwa baridi, huchelewa tu, haziwahi kamwe. Kiasi cha kawaida ni 0.034 ppm ikizidishwa kwa mraba wa idadi ya nyuzi kutoka kwenye kilele. Nyuzi 20 mbali na kilele ni kama 14 ppm, zaidi kidogo ya sekunde moja kwa siku. Osileta ya rezista na kapasita iliyojengwa ndani ya chipu yenyewe, hata ikisawazishwa hadi 1%, ingepoteza au kuongeza dakika 14 kwa siku, lakini kwa mawasiliano ya kawaida ya baiti moja moja kwenye waya inatosha, kwa sababu mpokeaji hujipanga upya kila baiti inapoanza. Kila kazi na saa yake. Kazi yako haikuwa hiyo.

Sasa fikiria watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Kanuni ni moja: kipenga kikilia, kila mtu anaichukua ndoo iliyo mkononi mwa jirani yake wa kushoto. Watu ni flipuflopu, kipenga ni ukingo wa saa unaopanda, ndoo ni data. Jirani asipokuwa na ndoo tayari kipenga kinapolia, unashika hewa. Hilo ni kosa la muda wa maandalizi, na dawa yake inajulikana: punguza kasi ya vipenga, kila mtu apate nafasi ya kujiandaa.

Lakini chukua hali nyingine. Umesimama mbali, kipenga kinakufikia kimechelewa. Jirani yako amekisikia mapema na ameshapokea ndoo mpya kutoka kwa aliye kushoto kwake. Wewe unaponyoosha mkono, unachokikuta kwake ni hiyo mpya. Unaichukua. Ile iliyokuwa haki yako imepotea, na ndoo moja imevuka watu wawili kwa kipenga kimoja. Si ndivyo ulivyoandika, “kana kwamba flipuflopu moja haipo”? Na angalia jambo hili: hata kipenga kikipigwa mara moja kwa siku, kosa liko palepale, maana mashindano yote yanafanyika ndani ya kipenga kimoja. Hilo ni kosa la muda wa kushikilia.

Ukiliandika kihesabu, linasema hivi: muda mfupi kabisa ambao data inaweza kutumia kutoka flipuflopu moja hadi nyingine lazima uzidi upishano wa saa kati ya hizo mbili, pamoja na muda ambao flipuflopu inayopokea inataka data itulie baada ya ukingo. Urefu wa mzunguko wa saa haumo kabisa kwenye sharti hilo. Ndiyo sababu MHz 5 haikukufaa kitu. Na ndiyo sababu safari ya B kurudi A ni salama: huko mtumaji ndiye anayesikia kipenga kwa kuchelewa, kwa hiyo data haiwezi kumpita mtu. Unachopoteza ni nanosekunde moja au mbili za maandalizi kati ya ishirini, na zilizobaki ni tele. Uigaji wako haukuliona kwa kuwa uigaji wa kimantiki hauna waya. Ndani yake kila ishara hufika kila mahali papo hapo.

Wabunifu wa chipu huliogopa kosa hili kuliko lile la maandalizi, na wana haki. Chipu iliyoshindwa maandalizi unaweza kuishusha kasi ikaendelea kuishi. Iliyoshindwa kushikilia imekufa. Niliwahi kukaa siku nyingi na chipu mpya iliyotoka kiwandani, tukiishusha kasi hadi kilohezi chache huku tukiitazama ikikosea kwa uaminifu uleule. Sehemu moja tu ya saa ilikuwa imepitishwa kwenye bafa moja zaidi, yaani kisaketi kinachoipa ishara nguvu upya. Hakuna programu wala bodi ambayo ingeiokoa, tukatengeneza upya.

Sasa, wao hufanyaje? Wazo la kwanza ni mti. Saa inaingia katikati ya chipu, inagawanyika kwa umbo la herufi H, kila ncha ya H inabeba H ndogo zaidi, na kuendelea, hadi kila flipuflopu iwe na njia ya urefu uleule kutoka shinani. Kwenye karatasi inapendeza. Ugumu ni kwamba waya wa ndani ya chipu ni mwembamba mno: ukirefuka, ukinzani wake unaongezeka na kapasitansi yake inaongezeka, kwa hiyo ucheleweshaji unakua kwa mraba. Urefu mara mbili, ucheleweshaji mara nne. Inabidi kuweka bafa kila baada ya kipande ili ishara ipate nguvu upya, na hapo ndipo matatizo mapya yanapoingia, kwa sababu bafa ni transista, na transista hata zikichorwa sawasawa si pacha. Moja ina unene tofauti kidogo kutokana na utengenezaji, nyingine iko karibu na eneo lenye joto, ya tatu volteji yake inayumba kwa kuwa majirani zake wanakula umeme mwingi. Matawi mawili yenye bafa kumi kila moja hayatalingana kamwe, hata michoro yake ikiwa nakala.

Kinachosaidia ni kutambua kwamba sehemu ya njia ambayo flipuflopu mbili wanaishiriki haiwezi kuwatofautisha. Ikichelewa, inawachelewesha wote. Upishano huzaliwa baada ya njia kuachana. Kwa hiyo kanuni yangu ni shina refu, matawi mafupi: flipuflopu zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe zichote saa kutoka tawi moja, na ziachane mwishoni kabisa. Nimeona watu wakihangaika kusawazisha chipu nzima hadi pikosekunde ya mwisho, wakati vitalu vya pembe mbili za chipu havitumiani hata biti moja. Wengine huenda mbali zaidi na kuchelewesha saa ya flipuflopu fulani kwa makusudi, ili hatua yenye kazi nyingi iazime muda kutoka kwa hatua yenye kazi ndogo. Upishano sifuri si lengo takatifu. Lengo ni upishano unaojulikana.

Njia nyingine ni wavu. Badala ya matawi yanayojitegemea, unatandaza waya za chuma wima na mlalo juu ya chipu yote, unazifunga pamoja, kisha unazisukuma kwa nguvu. Tofauti ndogo za bafa humezwa kwa sababu zote zimeunganishwa. Alpha 21064 ya Digital Equipment Corporation, iliyotoka 1992 ikiwa na kasi ya MHz 200, ilikuwa na kisukumaji kikubwa katikati na wavu wa namna hiyo. Upishano ulikuwa mdogo, lakini bei yake katika umeme ilikuwa kubwa: katika takriban wati 30 za chipu hiyo, kama 40% zilikwenda kwenye saa peke yake. Kapasitansi yote ile ilijazwa na kumwagwa kila mzunguko, kazi iwepo isiwepo.

Hapo utaona kwamba wazo lako la kuizima B si baya hata kidogo. Chipu za leo huzima saa kila mahali. Ubaya uko kwenye kifaa ulichotumia, na una sura mbili. Ya kwanza tumeshaiona, ni ucheleweshaji. Ya pili hujaiona bado, ila inakuja: ishara yako ya kuruhusu inatoka kwenye flipuflopu, kwa hiyo hubadilika muda mfupi baada ya ukingo kupanda, wakati saa bado iko juu. Geti la AND litaachia kipande cha pigo, chembamba, ambacho flipuflopu nyingine zitakihesabu na nyingine hazitakiona. Wabunifu huweka lachi (kifaa kinachoshika biti moja, kama mlango unaofunguka na kufungwa) mbele ya geti, inayopitisha ishara ya kuruhusu pale tu saa ikiwa chini. Ikiwa juu, lachi imefunga mlango na geti halioni badiliko lolote. Lachi na geti hivyo viwili hutengenezwa kama seli moja isiyotenganishwa, na programu inayojenga mti wa saa inajua kwamba seli hiyo ni sehemu ya mti, hivyo inausawazisha mti mzima pamoja nayo. Geti lako lilikuwa mgeni ambaye hakuna aliyemhesabu.

Umeuliza kwa upana, basi niguse na ule mtikisiko. Fuwele hutoa makumi ya megahezi, chipu inataka gigahezi. Katikati yake hukaa PLL, yaani kitanzi cha kufunga fezi, wazo ambalo Mfaransa Henri de Bellescize alilieleza mwaka 1932 kwa ajili ya upokeaji wa redio. Ndani yake kuna osileta ya haraka lakini isiyo na nidhamu, ambayo kasi yake hufuata volteji. Mapigo yake hugawanywa, tuseme kwa 100, kisha hulinganishwa na mapigo ya fuwele. Yakiwahi, volteji inashushwa, yakichelewa, inapandishwa. Fuwele inatoa nidhamu ya muda mrefu, osileta ya ndani inatoa kasi. Kuna hila moja nzuri hapa: badala ya kurudisha mapigo yaliyotoka kwenye osileta moja kwa moja, unarudisha yaliyokwisha kupita kwenye mti wa saa. PLL italazimika kuwahisha osileta hadi ukingo unaofika kwenye jani la mti ulingane na ule unaoingia kwenye mguu wa chipu. Ucheleweshaji wa mti mzima unafutika machoni pa walio nje.

Adui wa PLL ni umeme mchafu. Maelfu ya flipuflopu yanapogeuka kwa pamoja, volteji inazama kidogo, na osileta ya ndani inachelewesha ukingo mmoja. Kwa sababu hiyo PLL hupewa mguu wake wa umeme, chujio lake, mara nyingi na kidhibiti chake cha volteji, na kapasita zikae karibu nayo kadiri inavyowezekana. Waya za saa nazo huzungushiwa waya za umeme na za ardhi kushoto na kulia, ili ishara ya jirani isizisukume. Mtikisiko unaobaki baada ya hapo ni wa kubahatisha na hauna kikomo; unahesabiwa kwa uwezekano. Anayetaka kosa moja katika biti trilioni moja hutenga takriban mara 14 ya kiwango chake cha wastani kutoka ncha hadi ncha. Mtikisiko wa pikosekunde 2 unageuka kuwa 28, na biti inayopita kwa gigabiti 5 kwa sekunde ina pikosekunde 200 tu za kuishi. Ila mtikisiko hula muda wa maandalizi, na kwa kawaida hauugusi ule wa kushikilia, kwa kuwa pande zote mbili zinatazama ukingo uleule. Kwa hiyo hata ungenunua PLL safi kuliko zote, ndoo yako ingeendelea kuruka.

(Ukija kuipa B saa isiyohusiana kabisa na ya A, yote haya hayakusaidii. Hapo ukingo unaweza kuangukia katikati ya badiliko la data, na flipuflopu ikaning'inia kati ya sifuri na moja kwa muda usiotabirika. Chaney na Molnar waliionyesha hali hiyo kwa vipimo mwaka 1973. Biti moja hupitishwa kwenye flipuflopu mbili mfululizo kabla haijatumiwa. Hesabu ya biti nyingi hugeuzwa kwanza kuwa msimbo wa Gray, ambao hubadilisha biti moja tu kwa kila hatua.)

Turudi kwenye bodi yako. Kabla hujabomoa kitu, thibitisha. Weka kati ya A na B flipuflopu inayofanya kazi kwenye ukingo unaoshuka wa saa ya A. Data sasa itafika B nusu mzunguko baadaye, nanosekunde 10 badala ya chembe ya nanosekunde, na mashindano yatakuwa yameisha. Kosa likitoweka, nimekisia sawa. Wanaojenga minyororo ya kupimia chipu hutumia lachi kwa kazi hiihii pale mnyororo unapovuka kutoka tawi moja la saa kwenda jingine. Usijaribu kuchelewesha data kwa kupanga mageti ya kugeuza mfululizo. Programu itayafuta kwa kuona hayana kazi, na ukiilazimisha iyaache, muda wake utabadilika na joto.

Tiba yenyewe ni kuliondoa geti kwenye njia ya saa. Peleka saa ileile moja kwa moja A na B, na ishara yako ya kuruhusu iingie kwenye mguu wa ruhusa ambao flipuflopu za FPGA tayari zinao. Umeme utakaookoa utakuwa pungufu kidogo kwa sababu saa yenyewe inaendelea kupiga. Ukitaka kuisimamisha kweli, FPGA nyingi zina bafa za saa zenye kizuizi ndani yake, zilizotengenezwa zisikate pigo katikati. Tumia moja kwa B, na A uipe bafa ya aina ileile kutoka chanzo kilekile, ili njia mbili zifanane.

Kisha itangaze saa yako kwenye faili la masharti ya muda na uisome ripoti, sehemu ya kushikilia kwanza. Nina shaka hatua hii uliiruka, maana programu ingekupigia kelele. Muda wa kushikilia hukaguliwa kwenye hali ya transista za kasi na volteji ya juu, kwa sababu hapo ndipo data hukimbia. Wa maandalizi hukaguliwa kwenye hali ya polepole. Usidhani polepole ni joto siku zote. Kwenye chipu za kisasa zenye volteji ndogo, baridi ndiyo inayoweza kuzichelewesha transista, kinyume na tulivyofundishwa wakati wetu.

Ukitamani kuuona upishano kwa macho, unaweza kuzitoa saa zote mbili nje na kuziweka kwenye osiloskopu, ila kila mguu una ucheleweshaji wake. Pima, badilishana miguu, pima tena, kisha chukua wastani wa majibu mawili. Na ile osileta ya ±2.5 ppm usiirudishe kabatini: siku utakapohitaji kuandika saa na tarehe kwenye kumbukumbu za vipimo vyako, kosa lake ni kama theluthi mbili ya sekunde kwa siku tatu, na hapo itakuwa imepata kazi yake.